Kisabuni cha Nyumbani

Mgahawa wa Shefu Elia umejengwa juu mno kwenye mteremko wa Uluguru, huko juu ya Boma, hata asubuhi mawingu huingia kwa mlango wa mbele, yakakosa meza, yakatokea jikoni. Ndivyo wasemavyo watu wa Mwembesongo, na watu wa Mwembesongo hawasemi uongo isipokuwa siku za soko. Kwao soko ni kila siku.

Stesheni Sajenti Yunusi wa ofisi ya upelelezi alifika mchana, amevaa shati la kiraia lililopigwa pasi kwa hasira, akamkuta mdogo wake Mwamvita ameshakaa. Meza ya ukingoni, ya viti vitatu. Yeye ameshika kile kinachotazama mlango.

"Hicho kiti changu," Yunusi alisema.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hicho kiti changu. Mimi siupi mlango mgongo."

"Leo kaa utazame milima. Wezi watakungoja, wamekuzoea."

Akakaa. Chini yao mabati ya mji yaling'aa mpaka bwawa la Mindu. Mbele yake mlima ulikuwa umejifunika ukungu kama mwali anayetazamwa na wageni. Mwamvita alikuwa ameteremka na basi la asubuhi kutoka Mkuyuni, akaacha ndizi zake na mdalasini wake mikononi mwa jirani, akavaa kitenge ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Haya, sema. Mtu wa Mkuyuni hafungi genge katikati ya wiki aje kula kwa mtu wa televisheni. Kuna nini?"

"Njaa."

"Mwamvita."

"Njaa, kaka. Na nilitaka tule pamoja kabla ya Jumapili."

Jumapili. Neno hilo likaenda kukaa kwenye kile kiti cha tatu.

Jumapili ukoo wao ungekutana Mkuyuni kumlilia Saidi, kitinda mimba wao. Saidi aliaga akiwa kijana wa ndevu za kwanza, kwamba anakwenda kukata miwa Kilombero, na hakuonekana tena. Yunusi alimtafuta Kilombero, Ifakara, Mlimba. Aliuliza vituoni, hospitalini, magerezani. Majalada ya wageni aliyafunga mengi. La ndugu yake lilibaki wazi mpaka wazee wa ukoo wakachoka. Sasa watasoma hitima, watapika, na jina la Saidi atarithishwa mtoto wa ukoo, kama yanavyorithishwa majina ya marehemu huku milimani. Na mtu ambaye jina lake limerithiwa, hata akitokea mlangoni anapumua, ameshakufa. Hana pa kukaa. Yunusi mwenyewe ndiye aliyewaambia wazee, "Fanyeni."

Mhudumu alikuja, binti mwembamba mwenye jina lililoshonwa kifuani: Hidaya.

"Shikamooni. Karibuni sana. Leo tuna kuku wa kienyeji wa kuchoma, tuna samaki wa kupaka, na tuna chenyewe, kile kilichomfikisha shefu kwenye televisheni. Kisabuni cha nazi."

Bilauri ya Yunusi ilikuwa njiani kwenda mdomoni. Ikasimama hewani, ikakaa huko kama imesahau ilikokuwa ikienda.

"Rudia, binti."

"Kisabuni cha nazi, mzee. Wageni wote hushtuka. Si sabuni. Ni kisamvu."

"Tuletee," Mwamvita alisema. "Na kuku, na juisi ya tangawizi. Wala usiharakishe, mwanangu. Tumekuja kukaa."

Hidaya alipoondoka, Yunusi aliitua bilauri polepole, akamtazama dada yake kama amtazamavyo mtu aliyekutwa na funguo zisizo zake.

"Ulijua."

"Nilimsikia juzi, kwenye televisheni ya jirani."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeniandikisha maelezo na kunigongea muhuri. Nilitaka usikie kwa masikio ya nyumbani. Nimekaa hapa nautazama mkono wako."

"Umefanya nini?"

"Umesimama."

Yunusi aliuficha chini ya meza.

Neno lenyewe lilizaliwa kwenye pengo. Saidi alipong'oka meno ya mbele, kisamvu kilimshinda kutamka, akaomba aongezewe kisabuni. Mama yao alicheka mpaka akashikilia kinu asianguke, na tangu siku hiyo nyumba ile haikupika tena kisamvu, ilipika kisabuni. Wageni walipoambiwa kisabuni kiko tayari, walinyoosha mikono wanawe. Mmoja, fundi cherehani kutoka Matombo, alivua shati kabisa.

"Mapengo yapo nchi nzima," Yunusi alisema. "Mtoto yeyote anaweza kukosea hivyo. Neno moja si ushahidi."

"Sijasema ni ushahidi. Nimesema nina njaa."

Chakula kilikuja kwa mwendo wa watu wasio na basi la kuwahi. Tangawizi kwanza, kali ya kufungua masikio. Kuku, ngozi yake ikivunjika kwa sauti. Mwamvita alilaumu uchache wa chumvi, akamaliza paja, akalaumu tena kwenye bawa. Walizungumzia goti lake, bei wasiizungumzie, na jogoo wa jirani ambaye, kwa maelezo ya Mwamvita, huwika adhana ikichelewa ili kumkumbusha imamu. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu wakae hivi bila maiti au mgonjwa kati yao.

Kisha kisabuni kikaja kwenye kijungu cha udongo, juu ya jani la mgomba, na sahani za wali pembeni. Yunusi alichota, akaweka ulimini, akafumba mdomo. Hakutafuna.

"Kimeungua," alisema.

Mwamvita naye alionja. Alikaa na kijiko mdomoni kama mtoto.

Hidaya, aliyekuwa akipita, alisimama. "Ndivyo kinavyopikwa hapa, mzee. Huunguzwa kidogo chini, halafu kinachanganywa."

"Nani hukiunguza?"

"Dada Josephina, jikoni."

Yunusi alijifuta mdomo, akainuka. "Choo kiko wapi?"

"Kulia, mzee."

Akaenda kushoto.

Jikoni alimkuta Josephina, mwanamke wa makamo, akikoroga chungu kikubwa cha kumwogeshea ndama. Yunusi alijifanya amepotea, akasifu harufu, akauliza kwao wapi.

"Mkuyuni, baba."

Hapo ndipo Yunusi alipodhani amekwisha kufika. Mtu wa Mkuyuni anaweza kuwa amelisikia neno kwa majirani, akalipandisha mpaka jiko hili, na habari ikaishia hapo: uvumi wa kijijini, wala si Saidi.

"Basi jina hili la kisabuni umelileta wewe."

"Mimi? Nililikuta. Hata nikadhani shefu ananitania. Na huku kuunguza pia nilikukuta. Siku ya kwanza nilipika kizuri, laini, chungu hakina hata doa. Akaonja, akaniambia, 'Hiki umekikosea, hakijaungua.' Baba, nimepika tangu nikiwa na urefu wa mwiko huu, sijawahi kugombezwa kwa kutounguza."

"Alikuambia kwa nini?"

"Alisema ndivyo alivyofundishwa. Choo kiko kule ulikotoka."

Alirudi mezani, akaketi.

"Si mpishi. Ni shefu mwenyewe," alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. "Neno huokotwa. Chakula kilichoungua hupikwa kila nyumba. Lakini neno hilo na moshi huo, pamoja, haviokotwi njiani."

Mama yao alikuwa na maradhi ya mpakani. Akishainjika kisabuni, huenda mpakani kumsalimu jirani, na salamu zake zilikuwa na sura nyingi kama kitabu. Kila siku alirudi mbio akipiga kelele, "Kisabuni kimeungua!" Na kila siku Saidi alijibu kutoka popote alipokuwa, hata juu ya mti, "Ukoko wangu!"

"Alijifunzia nyumbani kwetu, au kwa mtu wa nyumbani kwetu," Yunusi alisema. "Wewe ulimfundisha?"

"Hapana."

"Mimi siwezi kuchemsha maji. Mama yuko kaburini. Amebaki nani?"

Mwamvita alikivuta kijungu karibu na kile kiti cha tatu.

Shefu Elia alitoka jikoni saa ya kuwasalimia wageni. Mwanamume wa makamo, kofia nyeupe ndefu kama mnara wa simu, na kicheko kinachowaka kwa kamba kama jenereta. Alipiga picha na meza hii, akakumbatia meza ile, akafika.

"Wazazi wangu, shikamooni! Mmeonjaje?"

"Marahaba. Tumeonja vizuri," Yunusi alisema. "Hili jina la kisabuni limetoka wapi?"

"Aa, la bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu. Kule Nyandira, Mgeta. Alikuwa akisema, mjukuu wangu, chakula hiki kinasafisha roho kama sabuni."

"Nyandira ile ya juu kabisa?"

"Juu kabisa, mzee! Baridi ya kukata masikio."

"Na muhogo wa kuchuma kisamvu alilima nani?"

"Bibi mwenyewe."

"Na minazi?"

Jenereta ilikohoa.

"Nyandira wanalima kabichi na njegere," Yunusi alisema. "Muhogo ukiupanda kule juu unaomba blanketi. Mnazi hata haujasikia habari zake. Huyo bibi alikuwa akipika kwa majani ya nani?"

"Mzee, samahani, wewe ni nani?"

Yunusi alitoa kitambulisho, akakiweka kando ya kijungu. Lilikuwa kosa. Uso wa Elia ulifungwa kama duka lililoona watu wa kodi.

"Kama kuna mtu amelalamika kuwa nimemwibia pishi, nina mwanasheria wangu. Mtazungumza naye. Chakula chema."

"Hakuna aliyelalamika. Nimekuuliza tu…"

"Na mwanasheria, mzee."

"Kaka, rudisha kadi yako mfukoni," Mwamvita alisema. "Umemfunga mdomo. Mwanangu, hebu. Mama yako wa ukoo gani?"

Elia alisita, akaona hakuna sheria inayokataza hapo, akautaja.

Mwamvita aliinuka. Alimsogelea shefu maarufu mbele ya wageni wote na simu zao, akaivuta ile kofia kichwani mwake, akajivika juu ya kilemba.

"Mtani wangu!" alipaza sauti. "Kumbe nakula kwa mtani wangu nakaa kimya kama mgonjwa! Sisi ndio tunaowachimbia makaburi ninyi, sisi ndio tunaowaosha! Huyo bibi unayemzushia muhogo kwenye baridi, kama tulimzika vizuri, atainuka leo akuzabe kofi!"

Meza ya jirani iliangua kicheko. Elia alitaka kununa, uso ukakataa. Hakuna Mluguru aliyelelewa na mama yake asiyejua hili: ukoo una watani wake, mtani hakasirikiwi, na alichokiteka mtani hakirudi mpaka kikombolewe.

"Mama, kofia yangu. Wananipiga picha."

"Imetekwa. Ikomboe."

"Kwa kitu gani? Kuku?"

"Kuku nimemla, hana chumvi. Ikomboe kwa ukweli. Nani alikufundisha kisabuni?"

Elia alitazama huku na huku, akavuta kile kiti cha tatu ili akae. Mwamvita alikizuia kwa mkono.

"Si hicho. Chuchumaa."

Basi Shefu Elia wa televisheni akachuchumaa kando ya meza yake mwenyewe, kichwa wazi, na akasema.

"Sikufundishwa na bibi. Nilikuwa kijana, naenda Mbeya kutafuta kazi ya hoteli. Treni ikasimama Kisaki kupishana na ya mizigo. Kuna mtu pale stesheni alikuwa akiuza chakula, anapita chini ya madirisha anaita, 'Kisabuni! Kisabuni cha nyumbani!' Mama mmoja wa behewa letu alimpa nguo za mtoto amfulie." Alicheka kidogo, akaacha. "Nilikula, nikashuka na begi langu. Treni iliondoka bila mimi. Nilikaa kwake mpaka nilipojua kukiunguza. Anasema kuunguza nusu ni kazi, mtu yeyote anaweza kuunguza chote."

"Mtu wa namna gani?" Yunusi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kazini, lakini mkono ulikuwa umerudi mezani na umeshika ukingo.

"Mrefu. Mchekeshaji. Ukimuuliza kitu cha maana anakupakulia chakula."

"Jina?"

"Watu wanamwita Mzee Kisabuni. Nilimbana siku moja anitajie la kuzaliwa. Akasema, 'Mimi sina jina. Analo mtoto wa dada yangu.'"

Kijiko cha Mwamvita kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

"Alisema hivyohivyo?" Yunusi aliuliza.

"Hivyohivyo, mzee. Sikumwelewa mpaka leo. Na aliponiruhusu kulipika pishi lake, alinipa sharti moja. Pika utakavyo, weka nazi, weka mbwembwe, ila jina usilibadilishe. Akasema ana watu wake wawili, wakilisikia watajua yupo. Nikamwambia, si uwaendee? Akanipakulia."

Yunusi alitoa chembe za wali kwenye sahani, akazipanga juu ya meza moja moja, kama afanyavyo ofisini kwa vifuniko vya kalamu.

"Mjomba," alisema hatimaye.

"Mjomba gani?" Mwamvita aliuliza.

"Mjomba Saidi. Saidi alipewa jina la nani? La mjomba, mjomba akiwa hai, la kuitwa tu, si la kurithi. Na mjomba alikufa lini?"

"Mwaka uliofuata, baada ya Saidi kuondoka. Mwanangu wa kwanza alikuwa anatambaa."

"Na jina la marehemu akarithishwa nani?"

Mwamvita alifunika mdomo kwa kitambaa cha meza.

"Tazama," Yunusi alisema, akisogeza chembe ya kwanza. "Kijana anarudi kutoka Kilombero. Anateremka Mkuyuni, sokoni. Nyumbani ni pale juu tu, ukipiga mluzi mbwa wanabweka. Anauliza habari za kwao. Mtu asiyemfahamu anamjibu, kuna matanga, jina la Saidi linarithiwa leo, amepewa mtoto wa Mwamvita." Chembe ya pili. "Wewe ungeuliza, Saidi yupi? Mimi ningeuliza. Yeye hakuuliza. Kwake Saidi alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe."

"Akajua tumemlilia yeye."

"Akajua amekufa. Na unajua wazee wanavyosema: mwenye jina akirudi, atakayeondoka badala yake ni mrithi." Chembe ya tatu hakuisogeza. "Hakukimbia, Mwamvita. Alikaa mbali ili mtoto wako aishi."

Elia alikuwa amechuchumaa bado. "Mtanishtaki?"

"Kwa kupika?" Mwamvita aliivua kofia, akamrudishia kichwani, ikakaa upande. "Kisaki ni wapi, kaka? Huko ni mbali?"

Yunusi alielekeza kidole mbele, kule alikokaa ametazama tangu mchana. "Nyuma ya huu."

"Wa huu?"

"Huuhuu. Sisi tuko upande huu, yeye yuko upande ule."

Ukungu ulikuwa umepanda kidogo. Mlima ulionyesha mabega, ukayafunika tena.

Elia alitoa simu. Alikuwa na namba ya Lukasi, mwenye duka jirani na stesheni ya Kisaki. Huyo ndiye aliyempelekea Mzee Kisabuni salamu zake kila mwaka. Alipiga, akafungua sauti, akaiweka mezani mbele ya kiti kitupu.

"Shefu!" Sauti ya Lukasi ilikuja na kuku, watoto, na redio. "Umetukumbuka?"

"Lukasi, Mzee Kisabuni yupo?"

"Yupo, mguu tu ndio unamsumbua. Lakini huwezi kumpata sasa. Treni ya kutoka Mbeya imeingia, na yule akiona treni haitwi hata na malaika."

"Mpelekee simu," Yunusi alisema.

"Nani huyo? Nikiacha duka watanimalizia sukari. Ngojeni iondoke. Si huyo hapo anakuja upande huu? Msikilizeni wenyewe."

Simu ilisogezwa dirishani. Kulikuwa na chuma kikigonga chuma, watu wakiitana, mtoto akilia. Kisha, kutoka mbali, sauti ya mwanamume mzee kuliko walivyomwacha, imekwaruzika, lakini bado inapandia mwishoni kama ya mtu aliye juu ya mti.

"Kisabuni! Kisabuni cha nyumbani!"

Ikapita. Ikarudi, karibu zaidi. Ikapita tena.

Mwamvita aliinama mpaka midomo yake ikakaribia simu. "Kimeungua," alisema kwa sauti ndogo, ambayo haikuweza kufika hata mlangoni pa duka la Lukasi. "Kisabuni kimeungua."

Huko Kisaki injini ilipiga honi ikazima kila kitu.

Yunusi alitoa simu yake mwenyewe. Alimwandikia mzee wa ukoo kwa kidole kimoja, akikosea na kurudia: Jumapili hakuna msiba. Akatuma. Alipoinua uso, Hidaya alikuwa amesimama na sinia, amenyoosha mkono kuchukua kile kijungu, ambamo chini palikuwa pamebaki kilichoganda.

"Niondoe, mzee?"

"Acha, binti," Yunusi alisema, akakisogeza kijungu kwenye kiti cha tatu. "Huo ukoko una mwenyewe. Tuletee sahani nyingine."

Na wakakaa, mmoja ametazama mlango, mwingine ametazama mlima, wakisubiri treni iondoke.